Anayezungumzwa Hayupo Kikaoni: Ushuhuda wa Fundi wa Vikao vya Mtandaoni Mkoani Njombe

Kazi yangu ni kuandaa vikao vya mtandaoni na kukaa navyo hadi viishe. Nafunga kamera na spika, napima mtandao, nafungua kikao, naingiza wajumbe, namzimia maiki aliyejisahau. Nakaa Makambako, pale reli ya TAZARA inapokutana na barabara kuu ya Mbeya na ile inayokata kwenda Njombe na Songea. Wateja wangu wametawanyika mkoa mzima: vyama vya ushirika vya wakulima wa parachichi, vikundi vya kuweka na kukopa, shule, parokia, pamoja na vituo vya afya na zahanati hadi kule Manda, mwambao wa Ziwa Nyasa wilayani Ludewa.

Anayeijua njia ya kutoka Manda kupanda milima hadi Ludewa, kisha Njombe mjini, anajua kwa nini huduma hii imepokelewa kwa mikono miwili. Masika barabara inakuwa mtihani. Mganga wa zahanati akiweza kumwonyesha daktari wa mjini kidonda cha mgonjwa kwenye skrini ya simu, mgonjwa anaepushwa safari, na mara nyingine maisha yanaokolewa. Naipenda kazi hii, na sitamwambia mtu yeyote aache kuitumia. Ila nikiwa fundi nakaa mahali ambapo wajumbe wengine hawakai. Namwona kila anayeingia, nasikia kila maiki iliyoachwa wazi, naona kila kinachowekwa kwenye skrini. Kwa muda wote huu nimejifunza kwamba anayeumizwa na uzembe wa kikao cha mtandaoni, mara nyingi, si mjumbe wa kikao hicho. Ni mtu anayezungumzwa: mgonjwa, mkopaji, mwanafunzi. Hayupo, hana linki, wala hana wa kumwambia mwenyekiti, "Ngoja kwanza, funga mlango."

Mkoa wetu una sababu ya pekee ya kuliogopa jambo hili. Utafiti wa kitaifa wa VVU na UKIMWI wa 2022/2023 ulionyesha kwamba maambukizi ya VVU kwa watu wazima mkoani Njombe ni asilimia 12.7, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Kwa hiyo watumishi wa afya wa huku wanakaa vikao vingi kuhusu kliniki za tiba na matunzo, zile tunazoziita CTC: nani anaendelea na dawa za kufubaza virusi, nani ametoroka huduma, nani afuatwe nyumbani na mhudumu wa ngazi ya jamii. Ni kazi njema na inaokoa watu. Lakini kila karatasi inayofunguliwa kwenye vikao hivyo ina jina la mtu, namba yake ya simu na kitongoji chake. Na kwenye kijiji cha mwambao, ambako kila mtu anamjua mwenzake kwa baba na babu, huhitaji hata jina kamili. "Yule mama mwenye genge karibu na gati" inatosha.

Nilikuwa kwenye zahanati moja ya mwambao, nimekwenda kuwaunganisha na daktari aliye mjini. Kule chini ziwani kuna joto, tofauti kabisa na baridi ya Njombe, kwa hiyo madirisha yalikuwa wazi yote. Simu iliegemezwa kwenye boksi la dawa, spika imefunguliwa hadi mwisho kwa sababu mtandao ulikuwa unakatakata. Nje, chini ya dirisha lilelile, kulikuwa na benchi limejaa wagonjwa wanaosubiri zamu. Daktari akaanza kuuliza habari za mgonjwa wa kwanza, akamtaja kwa jina.

"Sista," nikamwambia muuguzi kwa sauti ya chini, "watu wa benchi wanasikia."

"Nikifunga dirisha, fundi, tutachemka humu."

"Basi tuvae earphone."

"Za nani? Hatujawahi kuletewa."

Nikatoa zangu mfukoni, nikazifuta, nikampa. Akavaa upande mmoja, mganga akavaa upande wa pili, wakaendelea. Daktari alisikika vizuri kuliko mwanzo, na benchi lilirudi kwenye mazungumzo yake ya bei ya dagaa. Ulinzi wote wa siku ile ulikuwa waya wa shilingi elfu chache. Tangu hapo, zahanati yoyote ikiniita, kitu cha kwanza ninachowaandikia kwenye orodha ya manunuzi ni earphone mbili. Kamera inafuata.

Nimeanza na dirisha kwa makusudi. Watu wakisikia usalama wa mtandao wanafikiria mdukuzi aliyejifungia Ulaya au Asia. Mdukuzi yupo, na nitamfikia. Lakini vikao vingi nilivyoshuhudia vikivuja vilivuja kwa njia za karibu kuliko hapo.

Njia ya kwanza ni linki. Katibu anaituma kwenye grupu la WhatsApp lenye mamia ya watu, mmoja anaipeleka kwenye grupu la pili, mwingine anaiweka status ili asiisahau. Saa ya kikao ikifika, mimi naangalia chumba cha kusubiri na kuona majina kama "Galaxy A05", "TECNO", "Mama Jose", "Mungu ni Mwema", "iPhone". Mwenyekiti anasema, "Waingize wote, fundi, muda unakwenda." Hapo ndipo mahali pa kuwa mgumu. Galaxy A05 ni nani? Anaweza kuwa mjumbe halali ambaye hajui kubadilisha jina, na anaweza kuwa mtu asiyehusika kabisa. Nilishawahi kuwa kwenye kikao cha chama kimoja cha wakulima kilichokuwa kinajadili bei ya chini watakayokubali kumuuzia mnunuzi kilo ya parachichi. Kesho yake madalali mitaani walikuwa wanaitaja bei ileile, hadi senti. Nani aliwaambia hakuna aliyeweza kuthibitisha, kwa sababu nusu ya waliohudhuria kikao walikuwa na majina ya simu. Sasa utaratibu wangu haubadiliki: asiyeandika jina lake na kituo chake hafunguliwi. Mwenyekiti akilalamika namwomba aniandikie kwa mkono orodha ya wajumbe wake, nami nawaita mmoja mmoja.

Hili si tatizo la washamba peke yao. Mwezi Mei 2020, kamati ya Bunge la Afrika Kusini ilikuwa inakutana kwa Zoom, wavamizi wakaingia, wakatukana na kumwaga picha chafu mbele ya Spika. Novemba mwaka huohuo mawaziri wa ulinzi wa Umoja wa Ulaya walikuwa kwenye kikao chao cha mtandaoni. Waziri wa Uholanzi alikuwa ameweka kwenye Twitter picha yake akiwa kazini, na kwenye picha ile anwani ya kikao ilionekana, pamoja na tarakimu tano kati ya sita za namba ya siri. Mwandishi wa habari wa Uholanzi, Daniël Verlaan, akabahatisha tarakimu ya sita, akaingia, akawapungia mkono mawaziri. Nawasimulia wateja wangu kisa hiki kila mara kwa sababu kinafanana na desturi yetu. Ofisi zetu zinapenda picha ya "kikao kikiendelea kwa njia ya mtandao", mkurugenzi amekaa mbele na skrini kubwa nyuma yake. Kuza picha hiyo kwa vidole viwili. Utasoma majina ya wajumbe, utasoma namba ya kikao, na nyakati nyingine utasoma jedwali zima lililokuwa linajadiliwa. Picha ipigwe skrini ikiwa imezimwa. Habari haiharibiki.

Njia ya pili ni kushea skrini. Mtoa mada anataka kuonyesha ukurasa mmoja, lakini anashea kompyuta nzima. WhatsApp ya mkewe inachungulia pembeni, ujumbe wa benki unapita juu, na akifunga ukurasa wake kila mtu anayaona mafaili yaliyopangwa kwenye dawati la kompyuta, yamepewa majina ya wagonjwa. Niliwahi kumwona mtumishi akifungua jedwali la wateja watoro wa kituo chake, majina matatu matatu, namba za simu, vitongoji. Nilikata skrini yake kabla hajafika mstari wa pili, nikampigia simu pembeni. Tulikubaliana akaondoe safu ya majina na kubakiza namba za kadi. Baada ya dakika chache alirudi, kikao kikaendelea, na hakuna aliyekosa taarifa aliyoihitaji. Wajumbe walitaka kujua idadi na sababu za utoro. Majina yalikuwa yamepanda jukwaani bila kuitwa na mtu.

Njia ya tatu ni kurekodi. Programu nyingi zinatoa tangazo mtu anapobonyeza kitufe cha kurekodi, na watu wanadhani tangazo hilo ni ulinzi. Simu ya pili ikiwekwa mbele ya skrini haitangazi chochote. Siku hizi kuna na jambo jipya: wasaidizi wa akili mnemba wanaoingia kikaoni kama mjumbe, wanaandika kila neno, kisha wanatuma muhtasari kwa barua pepe. Mjumbe mmoja akiwa ameunganisha msaidizi wa namna hiyo kwenye kalenda yake, maneno ya kikao kizima yanakwenda kuhifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni ambayo hakuna aliyeingia nayo mkataba. Nikimwona kwenye orodha namtoa, halafu naeleza kwa nini.

Nije kwenye programu zenyewe, kwa sababu nazo zina historia. Zoom ilikuwa na washiriki milioni 10 kwa siku Desemba 2019. Korona ilipoingia, Aprili 2020 ilikuwa imefika milioni 300. Kampuni iliyojengwa kwa ajili ya ofisi ikawa darasa, kanisa na hospitali ya dunia ndani ya miezi michache, na nyufa zikaonekana. Ilikuwa imewaambia wateja kwamba mazungumzo yao yanafumbwa mwisho hadi mwisho, maana yake funguo ziko kwa wanaozungumza tu. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ikaishutumu mwezi Novemba 2020 kwamba imekuwa ikiwapotosha watu tangu angalau 2016, kwani funguo za kufungulia mazungumzo kampuni ilikuwa nazo yenyewe. Watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walikuwa wameonyesha tangu Aprili kwamba funguo za baadhi ya mikutano zilipitia kompyuta zilizoko China, hata pale ambapo washiriki wote walikuwa nje ya China. Mwaka 2021 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 85 kumaliza kesi ya pamoja ya watumiaji wake.

Ni haki kusema pia kwamba ilijirekebisha. Chumba cha kusubiri na namba ya siri viliwashwa kwa watumiaji wa bure mwezi Aprili 2020, na ulinzi halisi wa mwisho hadi mwisho ulianza kutolewa Oktoba mwaka huo. Ila ulinzi huo haujiwashi wenyewe. Mwenyeji wa kikao anatakiwa kuuchagua, na akiuchagua anapoteza baadhi ya mambo, kama kurekodi kwenye hifadhi ya kampuni au kumwingiza mtu kwa simu ya kawaida. Kwenye kikao cha kujadili ratiba ya mitihani siuwashi. Kwenye kikao cha wagonjwa nauwasha, na anayekosa kuingia kwa sababu hiyo atapewa maelezo yake baadaye.

Somo kubwa zaidi la historia hiyo, kwa mazingira yetu, ni apdeti. Julai 2019 ilibainika kwamba kwenye kompyuta za Mac zenye Zoom, tovuti yoyote ingeweza kumwingiza mtu kikaoni na kuwasha kamera yake bila idhini. Dawa ilitoka ndani ya siku chache, lakini aliyepona ni aliyepata toleo jipya. Huku kwetu bando ni pesa. Watu wanazima apdeti ili bando lisiishe, na programu zenyewe hawazishushi kutoka duka rasmi. Wanarushiana kwa Xender au kwa Bluetooth, simu kwa simu, toleo la miaka mingi nyuma, na lingine hakuna anayejua limetengenezwa na nani. Ile faili inayotoka kwa rafiki wa rafiki inaweza kuonekana kama Zoom, ikafanya kazi kama Zoom, na ndani yake ikawa imeomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi na majina yote ya kwenye simu. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vikagawiwa walimu nimevikuta vingine vimejaa programu za namna hii. Ninachofanya ni kitu rahisi: nikifika kituoni nafungua bando langu, nagawa intaneti, nafuta kilichorushwa, nashusha kilicho halali, kisha gharama hiyo naiandika kwenye ankara bila kuificha. Taasisi inayoweza kununua chai ya kikao inaweza kununua bando la apdeti.

Yupo pia tapeli, na yeye amejifunza kutumia video. Mwanzoni mwa 2024 iliripotiwa kwamba mtumishi wa fedha huko Hong Kong aliitwa kwenye kikao cha video, akawaona bosi wake wa fedha na wenzake wakizungumza, akatuma takribani dola milioni 25. Wote aliowaona walikuwa sura za kutengenezwa kwa akili mnemba. Baadaye kampuni ya uhandisi ya Arup ilithibitisha kwamba ndiyo iliyotapeliwa. Kinachonisikitisha kwenye kisa hicho ni kwamba mtumishi yule alikuwa ameutilia shaka ujumbe wa kwanza. Video ndiyo iliyomtoa wasiwasi.

Matapeli wetu hawahitaji ufundi mkubwa hivyo. Tangu 2023 WhatsApp inaruhusu kushea skrini wakati wa simu ya video. Mweka hazina wa kikundi anapigiwa na mtu anayejiita wa huduma kwa wateja, mwenye fulana na kitambulisho shingoni. "Mama, shea skrini nikuelekeze." Mama anashea. Tapeli anaomba namba ya uthibitisho itumwe, ujumbe unaingia kwenye simu ya mama, na yeye anausoma wakati uleule na mama. Kanuni ninayowafundisha kina mama wa vikundi ni moja: habari ya pesa ikija kwa video, kata, halafu wewe mwenyewe piga namba unayoijua tangu zamani. Mwenye haki atapokea. Tapeli ataanza kukugombeza kwamba unachelewesha.

Wapo wanaoniambia, "Fundi, unakuza mambo, sisi ni watu wa kijijini, nani ana haja na vikao vyetu?" Jibu langu ni sheria ya nchi, haibagui kijiji na jiji. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya majibu ya kipimo cha mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na Tume ya kuisimamia, PDPC, ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Chama cha ushirika, shule, zahanati, wote wanaokusanya taarifa za watu wanaguswa. Mwenye haki kwenye sheria hiyo ni yule mama wa genge. Anaweza kulalamika, na akilalamika, "tulikuwa tunatumia programu ya bure" halitakuwa jibu.

Lakini sheria hufika baada ya siri kutoka, na siri ya VVU ikishatoka hakuna hukumu inayoirudisha. Kwenye mkoa wetu inaweza kumwachisha mtu dawa. Mgonjwa akisikia jina lake lilitajwa, anahama kliniki, au anaacha kabisa kwenda. Kikao kilichoitishwa ili asitoroke huduma kinakuwa ndicho kilichomfukuza. Wauguzi wa huku wanalijua hili kuliko mimi, na ndiyo sababu wanaposhirikishwa kupanga kikao, badala ya kupewa linki tu, vikao vyao vinakuwa salama kuliko vya ofisi kubwa.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayeitisha kikao, uwe mganga mfawidhi, katibu wa ushirika au mwalimu mkuu. Linki mtumie mjumbe mmoja mmoja, usiitupe kwenye grupu. Kila kikao kiwe na namba yake ya siri na chumba cha kusubiri, na pawepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni mlango tu. Majina yabaki kwenye faili, skrini ionyeshe namba. Earphone ziwepo, dirisha liangaliwe, picha ipigwe skrini imezimwa. Programu ishushwe kutoka duka rasmi na ipate apdeti kabla ya siku ya kikao. Kisha, kabla hujasema "tuanze", mfikirie yule mtakayemzungumza, uchukulie kwamba amekaa nje ya mlango anasikia kila neno. Kama kuna neno lingemdhalilisha, liondoe, au kikao hicho kifanyeni ana kwa ana, mlango ukiwa umefungwa.